Kigoma hadi Bujumbura kwa gari: kilomita, masaa, na saa za nchi mbili

Ukipima kwa rula kwenye ramani, Kigoma na Bujumbura zimeachana kilomita 170 hivi. Kwa barabara ni karibu 240, maana gari haliambai ziwa toka mwanzo: linapanda kwanza milima ya Buhigwe, linavuka mpaka Manyovu, halafu linateremka tena ziwani Nyanza-Lac. Ukigawa 240 kwa spidi 80 utajidanganya. Piga hesabu kipande kwa kipande.

Kigoma hadi Manyovu kupitia Mwandiga ni kilomita 70 hivi za lami. Weka saa moja na nusu, kwa kuwa vijijini mwisho ni spidi 50 na trafiki wana tochi. Mpakani weka saa nzima. Kutoka Mugina, upande wa Burundi, hadi Nyanza-Lac kupitia Mabanda ni kama 45 za kona na miteremko: saa moja na robo. Nyanza-Lac hadi Rumonge kama 50, muda ule ule. Rumonge hadi Bujumbura ni 75 hivi, lakini ipe masaa mawili. Barabara hii ya RN3 (barabara kuu ya kitaifa namba 3 ya Burundi) imebanwa kati ya mlima na maji. Ziwa likijaa au mvua ikiporomosha udongo, magari hupita kwa zamu. Ukifika Mugere, lilipo jiwe la kumbukumbu ya wapelelezi Livingstone na Stanley, umebakiza kilomita 10 na kidogo.

Jumla masaa saba kwa gari lako. Anayepanda haisi aongeze walau nusu saa kila anapobadilisha gari, kwani haliondoki mpaka lijae.

Linalowaponza wengi ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukiondoka Kigoma saa 12 asubuhi, masaa saba yanakufikisha saa 7 mchana ya nyumbani, ila Bujumbura ni saa 6. Kurudi ni kinyume: ondoka saa 12 ya kule, ambayo Kigoma ni saa 1, uingie saa 8 mchana. Simu nayo inachanganya. Ukikaribia Manyovu inaweza kunasa mnara wa Burundi na kurudi nyuma saa moja yenyewe, hata kabla hujavuka. Ingia kwenye mipangilio, tarehe na saa, uzime ya kujiweka yenyewe. Ukishagonga muhuri Mugina, badilisha kwa mkono. Tiketi ya kule ikiandikwa 7h00, ni saa 1 asubuhi ya Burundi.

Jaza tenki Kigoma. Mafuta Burundi yamekuwa yakiadimika mara kwa mara, na foleni ya kituoni inakula muda kuliko barabara yenyewe. Beba pasipoti au hati ya dharura, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mwenye gari awe na kadi ya gari na bima ya COMESA (ile kadi ya njano inayokubalika nchi za jirani). Ukishavuka, endesha kulia. Hatari kubwa ni pale unapotoka kwenye maegesho ya mpakani, mkono unapotaka kurudi kushoto kwa mazoea.

Kabla ya kupanga safari ya kurudi, waulize maofisa mpakani wanafunga saa ngapi, na wakutajie ni saa ya Tanzania au ya Burundi.