Somo: kupima kompresheni ya injini ya petroli

Gari likimisi ilhali plagi ni mpya na koili ni nzima, usikimbilie kufungua injini. Pima kompresheni kwanza, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda.

Hakikisha betri ina chaji ya kutosha. Pasha injini moto, izime, kisha ngoja ipoe kidogo. Plagi ikifunguliwa kwenye hedi ya alumini yenye moto mkali, huweza kuondoka na thredi za tundu lake. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta na uchomoe waya za koili. Petroli ikiendelea kuingia itaosha oili kwenye kuta za silinda, na geji, kile kipimo cha mgandamizo, itakudanganya.

Puliza uchafu kwenye matundu ya plagi, kisha toa plagi zote, si moja moja, ili stata izungushe injini kwa wepesi.

Funga geji kwa mkono kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza. Mwenzako akanyage eksileta hadi mwisho na apige stata mpaka sindano iruke mara tano au sita. Wengi husoma namba ya mwisho tu. Mimi huanza na mruko wa kwanza: silinda nzima hupanda kwa kishindo, yenye ringi (pete za pistoni) zilizochoka hujikokota. Andika zote mbili, nenda silinda inayofuata.

Injini nyingi husoma kati ya psi (kizio cha mgandamizo) 120 na 200, ila tofauti baina ya silinda ndiyo yenye habari. Ya chini isipungue asilimia 75 ya ya juu. Ukipata 165, 160, 110, 162, mgonjwa ni namba tatu. Mtilie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ni ringi. Isipopanda, shuku valvu.

MASWALI

Silinda mbili zinazopakana zote ziko chini, je?
Hapo gasketi ya hedi huwa imekatika katikati yao.

Zangu zote ni 90, zinalingana. Injini imekufa?
Usilie bado. Eksileta ilikanyagwa mpaka chini? Betri haikulegea? Kama vyote viko sawa, kagua taimingi, yaani mpangilio wa valvu kufunguka na kufunga kwa wakati. Mkanda au cheni ikiruka jino, silinda zote hushuka pamoja.

Naweza kutumia geji hiyohiyo kwa dizeli?
Hapana, dizeli hupita psi 300 na geji ya petroli itakufa. Na kile kijiko cha oili usikitie kabisa: kwa mgandamizo ule inaweza kuwaka.