Kuchora milima ya Kongo kama Fuji ya Hockney

Kazi yangu ni mabango: majina ya mitumbwi pale Kibirizi, vibanda vya chipsi Mwanga, milango ya saluni hapa Ujiji. Mchora mabango hulipwa kwa kujaza nafasi. Ukiacha pembe tupu, mwenye duka anauliza hela yake imeenda wapi. Ndiyo maana picha ya David Hockney ya mwaka 1972, ile ya Mlima Fuji na maua, ilinisumbua tangu nilipoiona kwenye simu. Mlima umefifia nyuma, mbele kuna chombo cha mwanzi na maua meupe. Basi. Mwingereza huyo alikuwa ametembelea Japani mwaka 1971, lakini hakuichora akiwa ameukabili mlima. Mlima aliutoa kwenye kadi ya posta, maua akayatoa kwenye kitabu cha kufundishia upangaji wa maua wa Kijapani. Sasa picha ipo New York, katika jumba la makumbusho la Metropolitan.

Sisi tuna milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Itazame asubuhi mvua ikishakatika, maana kiangazi moshi wa mapori huificha. Itazame mpaka ushibe, kisha rudi nyumbani ukachore. Mara ya kwanza nilichorea ufukweni, nikaweka mitumbwi, nyavu, karabai, dagaa walioanikwa na mbwa mmoja. Likawa bango la kuuzia dagaa.

Nunua marekani, ile pamba isiyopaushwa. Ifue kwa sabuni wanga utoke, la sivyo rangi itaelea juu badala ya kuzama. Iwambe kwenye fremu ya mbao na usiipake rangi ya msingi. Siri yote iko hapo: Hockney aliacha rangi nyepesi inywewe na kitambaa, na mlima ukaonekana kama umo ndani ya uzi wenyewe.

Maua ni kinyume chake. Yachore kwa penseli pamoja na chombo, halafu jaza ndani rangi nyeupe nzito isiyo na maji, mara mbili. Ikikauka itazuia buluu isipenye.

Akriliki, rangi ya wachoraji inayoyeyushwa kwa maji, ni ghali; mimi natumia rangi ya maji ya ukutani. Kizibo kimoja cha soda cha buluu, vizibo kumi vya maji, na matone machache ya gundi nyeupe ya seremala, kwa sababu rangi iliyozidi maji hupukutika kama chokaa. Laza fremu chali sakafuni. Chali! Ya pili niliiegemeza ukutani, Kongo yote ikamwagika ziwani.

Lowesha kitambaa kwa sponji kuanzia mstari wa vilele kushuka chini. Juu ya mstari paache pakavu. Mimina buluu taratibu kwenye mstari huo, kisha ivute chini kwa sponji safi hadi ipotee kabla ya kufika majini. Wachapaji wa Kijapani wa zamani waliupata mfifio huo kwa kufuta rangi kidogo kidogo kwenye ubao wa kuchapia. Wenyewe huuita bokashi. Ukingo wa milima utachanua kidogo. Uache, usiurekebishe kwa brashi. Mkono wa mchora mabango huwasha sana hapa.

Iache kivulini usiku kucha. Kesho yake malizia maua kwa brashi nyembamba, kingo kali, bila kivuli. Mimi nilichora tawi la asumini kutoka uani kwa jirani, nikalisimamisha kwenye kipande cha mwanzi. Mteja wa kwanza aliuliza mtumbwi uko wapi. Nikamwambia umeenda kuvua.

Ukiituma Dar kwa treni, hakikisha imekauka kabisa. Mchoraji Mskoti George Henry alikwenda Japani na mchoraji mwenzake Hornel mwaka 1893, na picha zake nyingi za rangi ya mafuta zilishikana safarini wakati wa kurudi, zikaharibika. Yangu huwa naisubiri wiki nzima, kisha naikunja upande wenye rangi ukiwa nje, kwenye kipande cha bomba la maji la plastiki, na kuizungushia kanga kuukuu.