Jinsi ya kuona mitosisi kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu

Kitunguu maji kinafaa sana kwa kuona mitosisi, yaani seli moja ikigawanyika kuwa mbili zinazofanana, kwa sababu seli zake za mzizi zina kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) 16 tu, tena kubwa.

Kwangua mizizi mikavu, kisha kalisha kitunguu juu ya glasi, kitako tu kiguse maji. Mizizi mipya ikifika sentimita 1 hadi 2, kata ncha zake na uziloweke kwa saa 24 katika mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki kali sehemu 1. Dawa hii huua kila seli ikiwa katika hatua ileile iliyokuwa nayo. Usipozitumia siku hiyo, zihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70, mahali pa baridi.

Vaa miwani na glavu. Tia ncha kwenye asidi hidrokloriki ya 1 M (mola 1 kwa lita), yenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi, kwa dakika 5 hivi. Asidi hulegeza pektini, gundi inayoshikanisha seli pamoja. Ukiitoa mapema, seli zitabaki zimerundikana. Ukichelewa, ncha itapondeka na rangi itashika vibaya. Suuza kwa maji.

Weka mzizi kwenye slaidi, bakiza milimita 2 za mwisho, zilizobaki tupa. Wengi huharibu kazi hapa: juu zaidi ya hapo seli haziendelei kugawanyika, zinarefuka tu. Ukiona mistatili mirefu kwenye hadubini, ulikata mbali mno. Tia tone la rangi ya asetoorseini, subiri dakika kadhaa, chambua kwa sindano, weka kifuniko chembamba cha kioo, kisha karatasi ya chujio, na ubonyeze wima kwa kidole gumba. Kifuniko kisiteleze hata kidogo. Kikiteleza seli hujiviringisha na kuchanika.

Anza na lenzi ya kukuza mara 10, tafuta seli ndogo za mraba zenye viini vikubwa, ndipo uhamie ya 40. Nyingi zitakuwa katika interfezi, yaani kipindi kati ya mgawanyiko mmoja na mwingine: kiini mviringo kisichoonyesha kromosomu. Hazijapumzika: zinakua (G1), zinanakili DNA (S), au zinajiandaa kugawanyika (G2).

Mgawanyiko wenyewe una hatua nne. Kwenye profezi, ya kwanza, utaona nyuzi nene zilizosokotana. Kwenye metafezi kromosomu hujipanga katikati ya seli. Ukiitazama seli kutoka upande wa ncha yake moja, si kutoka ubavuni, mpangilio huo huonekana kama duara, na wanafunzi wengi huuita profezi. Anafezi ni rahisi kuitambua: makundi mawili, kila moja kromosomu 16, yanaachana huku mikono ya kromosomu ikiburuzwa nyuma. Telofezi ina viini viwili vipya, na ukuta mwembamba ukijengeka kati yao.

Hesabu seli 200 zote za eneo hilohilo la ncha. Gawanya idadi ya zinazogawanyika kwa 200, zidisha kwa 100: zinazogawanyika zikiwa 24, kiwango cha mgawanyiko ni asilimia 12. Usiruke seli za interfezi kwa kuwa hazivutii, maana kiwango kitapanda bure.