Hesabu miguu kwanza: kuwatambua wanyama wasio na uti wa mgongo kijitoni na shambani

Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kila kinachotambaa ni mdudu. Kupe mdudu, jongoo mdudu, hata ruba aliyekuganda mguuni ni mdudu. Nafundisha baiolojia hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, na kila mwaka kazi yangu ya kwanza na kidato cha kwanza ni kulipasua neno hilo. Zaidi ya asilimia 95 ya aina za wanyama duniani hazina uti wa mgongo. Ukiwaita wote kwa jina moja, hutamwona hata mmoja vizuri.

Nenda kijitoni kati ya Juni na Oktoba. Machi na Aprili usithubutu na watoto: mvua za huku hujaza vijito, maji huwa tope na mkondo una nguvu. Tafuta kijito chembamba kinachokimbia juu ya mawe, maji yasifike magotini. Dimbwi lililotuama lenye konokono usiingie, kwa sababu baadhi ya konokono wa majini hubeba vimelea vya kichocho. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu. Usubi huuma mchana karibu na maji yaendayo kasi, na Rungwe ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yenye ugonjwa wa usubi, ule wa upofu. Dawa yake inapogawiwa kijijini, meza.

Beba beseni jeupe, chujio la chai, kijiko cha plastiki, brashi laini ya kuchorea na lenzi ya mkono kama unayo. Beseni liwe jeupe kweli. Katika la bluu wanyama wadogo wanapotea.

Chota maji ya kijito hichohicho, kina cha vidole viwili. Tega chujio upande maji yanakoelekea, inua jiwe taratibu, kisha pitisha brashi kwenye tumbo la jiwe juu ya beseni. Halafu usifanye kitu. Dakika mbili nzima, kimya. Mwanzoni utaona uchafu tu, kisha uchafu utaanza kutembea. Beseni likae kivulini. Mwaka wangu wa kwanza niliacha letu juani tukiandika, na tuliporudi walio dhaifu walikuwa wamekufa. Wamezoea maji ya baridi yenye oksijeni nyingi. Beseni likipata joto, hewa inawaishia. Hilo bado linaniuma.

Sasa hesabu miguu. Sita, basi ni mdudu hasa. Mwenye mikia mitatu na matamvua yanayopepea ubavuni mwa tumbo ni tunutu, yaani mdudu mchanga asiye na mabawa bado, wa yule Waingereza wanayemwita mayfly. Akishakuwa na mabawa hali chakula tena, na huishi saa chache au siku chache tu. Mwenye mikia miwili, bapa, anayeng'ang'ania jiwe kwa kucha, ni wa jamii nyingine. Ukiona kijibomba cha mchanga kinachotembea, usikipasue: ndani yake yumo lava, mtoto wa mdudu, aliyekishona kwa hariri yake mwenyewe. Tunutu wa kereng'ende ni mnene, na ana mdomo wa chini unaochomoka ghafla kunasa mawindo. Mtenge, maana atawala wenzake beseni zima ungali unaandika.

Kumi, ukijumlisha magando, ni kaa. Mshike kwa nyuma ya gamba. Mchunguze vizuri kwa lenzi, kwa kuwa Afrika Mashariki kuna aina za usubi ambazo lava wake huishi wamejishikiza kwenye mwili wa kaa wa mtoni.

Wasio na miguu ndio wanaosumbua. Mnyoo bapa anayeteleza, mwenye vidoa viwili vya macho utadhani ana makengeza, ni planaria. Ukimkata vipande, kila kipande kinaweza kuwa planaria mzima. Ruba hutembea kwa kujipinda, mdomo kisha mkia. Lakini "Madamu, huyu mnyoo mwekundu?" Huyo si mnyoo. Ni lava wa kijidudu kinachofanana na mbu, na akikomaa atakuwa na miguu sita. Wekundu wake unatokana na himoglobini, kama ya damu yetu, ndiyo maana anamudu maji yenye oksijeni haba.

Kwa hiyo beseni linakueleza habari za maji. Wenye mikia na wajenzi wa vijibomba wakiwa wengi, kijito kina afya. Sisi tulipima juu na chini ya mahali wanapooshea pikipiki: juu tuliwapata karibu wote niliowataja, chini wekundu na ruba tu. Tanzania ina mfumo wake wa kupima afya ya mito kwa wanyama hawahawa, TARISS, uliojengwa juu ya ule wa Afrika Kusini.

Nchi kavu ni rahisi zaidi. Kata chupa ya plastiki, geuza nusu ya juu iwe kama faneli juu ya ile ya chini, weka kipande cha chandarua kuukuu na juu yake majani yaliyooza ya chini ya migomba. Chini weka karatasi iliyolowa. Anika. Wanyama hukimbia ukavu na kudondoka. Jongoo ana jozi mbili za miguu kwa karibu kila pingili, tandu jozi moja, naye tandu usimguse, ana sumu. Buibui na kupe wana minane. Nyungunyungu hana hata mmoja. Kiti cha pweza usimtafute huku milimani. Jamii yake yote ni ya baharini.

Ukimaliza, mimina beseni polepole palepale ulipochota, na ulaze jiwe kama ulivyolikuta, tumbo chini.