Namna ya kuzitazama filamu za Hiroshi Teshigahara

Wengi humwanza mwongozaji huyu wa Kijapani na Suna no onna (Mwanamke wa Mchangani) ya 1964, ile ya mtu aliyenaswa katika shimo la mchanga, na kuishia hapohapo. Ni kazi kubwa kweli, ila anza na Otoshiana (1962), dakika 97 tu. Mchimba makaa anauawa na mtu wa suti nyeupe, kisha mzimu wake unahangaika kutafuta sababu. Humo utawazoea mwandishi Kobo Abe na mtunzi wa muziki Toru Takemitsu, maana utakutana nao tena na tena.

Kabla ya kufungua Suna no onna, angalia urefu. Nakala kamili ina dakika 147. Ipo nyingine iliyokatwa hadi 124. Ukiipata hiyo fupi, iache. Uzito wa filamu hii umo katika kurudiarudia: kuchota mchanga, kuupandisha, kuchota tena, hadi mtazamaji naye aone mikono inamuuma. Ukipunguza hayo, unabakiwa na kisa cha mtu aliyenaswa shimoni.

Sasa runinga. Picha ni nyeusi na nyeupe, umbo la 4:3, kwa hiyo weusi wa pembeni kushoto na kulia ni sawa. Ukiivuta ijae kioo, nyuso zinanenepa. Zima kipengele cha kulainisha mwendo. Mwangaza usiuzidishe: mwanzoni kabisa punje moja ya mchanga inajaza kioo kama jabali, na baadaye mchanga unang'ang'ania ngozi yenye jasho. Mwanga ukizidi, vyote vinakuwa weupe mtupu. Vaa hedifoni, kwani nyuzi za Takemitsu hukwaruza kwa sauti ambazo spika ya simu huzimeza.

Tanin no kao (1966), ya mtu aliyeungua uso akavaa wa bandia, iwekee siku yake.

Baada ya 1972 utaona pengo refu. Usidhani alikauka. Mwaka 1980 alishika uongozi wa Sogetsu, shule ya kupanga maua aliyoiasisi baba yake, Sofu, mwaka 1927. Ndiyo maana Antonio Gaudí (1984), filamu ya majengo ya msanifu huyo wa Kikatalani, huwashinda wanaongoja msimulizi: kwa dakika 72 hakuna maneno ila machache. Fuata mikunjo ya kuta na nafasi iliyoachwa wazi, kama anayekagua tawi ndani ya chombo. Ukishazoea hivyo, weka Rikyu (1989), uone mwanzoni Rikyu, bwana wa sherehe ya chai ya Kijapani, akiamuru maua yote ya bustani yakatwe, libaki moja kwa ajili ya mgeni.