Umepewa maiki kwenye sendofu na magoti yanagongana? Fanya hivi

Mwaka juzi mwezi wa saba, sendofu ya dada yangu pale Uyole, nikaambiwa niongee kwa niaba ya wadogo wa bibi harusi. Nilikuwa na karatasi mbili nimezikariri kama shairi la darasa la tano, nikashika maiki nikasema "itifaki imezingatiwa" af basi, kichwa cheupe pee. Karatasi inatetemeka na hata baridi ya Mbeya siwezi kuisingizia maana ukumbi ulikuwa umejaa joto la watu. Mama mdogo akapiga kigelegele kuniokoa, nikakaa.

Kosa langu lilikuwa kukariri. Ukikariri yote, sentensi moja ikidondoka zingine zote zinaifuata. Sa hivi nakariri mbili tu, ya kwanza na ya mwisho, katikati nabeba vitu vitatu kichwani, kwa sendofu mfano ni kisa kimoja cha utotoni, neno kwa bwana harusi, na shukrani. Kisa ndo kipe muda, tena kiwe kidogo chenye vitu vya kuonekana, siku mlivyomwaga ndoo ya maziwa ya bibi mkasingizia paka, watu watacheka na we mwenyewe utalegea. Shukrani fupi, wameshazisikia mara kumi.

Ya kwanza isiwe "mimi sio muongeaji sana" (tutaona wenyewe, usituambie) wala "muda si rafiki". Anza na salamu ya watu wa pale. Iringa au Njombe ukisema "kamwene!" ukumbi mzima unaitikia, na wakati wanaitikia we unavuta pumzi yako taratibu.

Moyo kwenda mbio ni adrenalini tu, ile homoni mwili unaitoa ukiwa na hofu, hata wazoefu inawapata. Kabla hujaitwa vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, rudia mara tano hivi.

Mazoezi fanya kwa sauti, umesimama, ujirekodi na simu. Kujisikiliza kunauma jamani, mi niligundua kila nikikwama nasema "yaani" kama naimba kiitikio, siku hizi nikikwama nanyamaza tu na watu wanadhani nafikiria jambo zito. Af omba kusoma matangazo kanisani au kuwa katibu wa kikao cha harusi, kuongea mbele ya watu kumi na tano kila wiki ni dawa kuliko video zote za YouTube.

Maiki iwe karibu na mdomo, vidole vitatu hivi, na usisimame mbele ya spika, itapiga mluzi kwasababu inameza sauti yake yenyewe na kuitema tena.

Dakika tatu zinatosha. Ukiona wazee wa meza ya nyuma wameshageuza viti kuelekea kwenye msosi, ruka vyote vilivyobaki nenda kwenye ile sentensi yako ya mwisho.