Prado inatetemeka kuanzia 70: jua kinachozunguka kabla ya kununua spea

Mzee mmoja anayefanya biashara Vurra, mpakani mwa Uganda na Kongo, aliniletea Prado yake ya 1998 hapa Arua. Ikifika kilomita 70 kwa saa inaanza kutetemeka, ikifika 90 kioo cha kati hakionyeshi kitu. Alikuwa ameshanunua matairi mawili mapya na kuyabalansi mara mbili. Matairi hayakuwa na kosa lolote. Pesa ile iliniuma, maana hakuna fundi aliyekaa kwenye gari lile na kulisikiliza kwanza. Mimi hufuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Endesha kwanza, spana baadaye

Tafuta lami iliyonyooka, isiyo na watu. Mimi huenda njia ya Nebbi asubuhi na mapema. Ongeza mwendo taratibu, ukariri kasi ambayo mtetemo unaanzia na mahali unapousikia. Usukani ukicheza, mara nyingi shida iko mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, tazama katikati na nyuma.

Ukiwa kwenye kasi hiyohiyo, achia mafuta na uweke gia fri. Usizime injini, kwa sababu usukani utakuwa mzito na breki zitakosa nguvu. Mtetemo ukibaki vilevile, injini haimo. Tafuta kwenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi), difu (gia zinazoipokea na kuigawa kwa magurudumu) na matairi. Ukipotea unapoachia mafuta na kurudi unapokanyaga, shuku krosi za propela (viungo vya msalaba kwenye ncha zake), jointi za ndani za shafti za magurudumu ya mbele, au mauntini (raba zinazobeba injini na giaboksi). Ukija pale unapofunga breki tu, ni diski au ngoma, na huna haja ya kuingia uvunguni. Mwisho simama, piga resi hadi mizunguko ileile ya injini. Gari likitetemeka limesimama, ni injini, mauntini au feni.

Hatua ya 2: Tambua ni mtetemo wa aina gani

Hapa wengi hupita mbio, na hapa ndipo penye jibu. Tairi la 265/70R16 lina mzingo wa karibu mita 2.4. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo tairi huzunguka kama mara 11 au 12 kwa sekunde. Mtetemo wake ni mzito, wa kutikisa. Unaona mikono ikicheza pamoja na usukani. Propela inazunguka zaidi, kwa uwiano wa difu, yaani mara ngapi propela inazunguka tairi likizunguka mara moja. Difu ikiwa ya 4.1, propela inakwenda karibu mara 47 kwa sekunde. Mtetemo huo hautikisi, unanguruma kama mzinga wa nyuki, unapanda kwenye nyayo na kuziba masikio. Gari la mzee lilinguruma. Nilijua kabla hatujageuza kurudi mjini.

Hatua ya 3: Matairi, haraka

Ukitoka Yumbe au Moyo wakati wa mvua, udongo mwekundu hukauka ndani ya ringi kama tofali. Osha upande wa ndani, sio wa nje tu. Tazama kama tairi limevimba, kaza nati, kisha hamishia ya mbele nyuma. Mtetemo ukihama nayo, umeshampata mwizi.

Hatua ya 4: Propela

Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu yaliyobaki chini, liegemeze kwenye stendi. Jeki peke yake isikubebee maisha yako. Gia iwe fri ili shafti izunguke kwa mkono.

Shika pande mbili za krosi na uzisokote kinyume. Ikicheza hata kidogo, imekwisha. Angalia pia pembeni mwa vikombe vyake: unga mwekundu wa kutu maana yake sindano za beringi zimekauka grisi zamani, hata kama krosi haijaanza kucheza. Pitisha kiganja mwilini mwa shafti. Unatafuta bonde lililoachwa na jeki iliyowekwa vibaya, na alama safi pale kipande cha chuma cha balansi kilipong'oka.

Sasa yoki, yale masikio mawili yanayoshika krosi. Krosi ikiwa kwenye pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko huharakisha na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili hufuta kosa hilo, lakini kwa sharti kwamba yoki mbili za shafti ileile zimelingana. Ya mzee ilikuwa imefunguliwa ili kubadilisha krosi, ikarudishwa ikiwa imeruka meno mawili pale vipande viwili vya shafti vinapoingiliana. Nililala chini, nikalenga kwa jicho kutoka mwisho hadi mwisho, nikaona masikio hayaelekeani. Nikaichomoa, nikalinganisha, nikatia grisi. Spea: hakuna. Ndiyo maana nawasihi, wekeni alama ya rangi kabla ya kuifungua.

Hatua ya 5: Ukiwa bado hujui ni propela ipi

Kwa gari linalovuta miguu yote minne muda wote na lenye loki ya difu ya kati (inayounganisha propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja), funga loki, toa propela ya mbele, endesha kwa ya nyuma peke yake. Ngurumo ikiisha, mkosaji umemshika mkononi. Lakini sikia: shafti moja ikiwa imetolewa na loki imefunguka, gia ya P haizuii gari. Vuta hendebreki na uzuie magurudumu kila unaposimama.

Kama gari limeinuliwa springi kwa ajili ya barabara za vijijini na linatetemeka wakati wa kuondoka tu, pima pembe. Mhimili wa kutokea giaboksi na ule wa kuingia kwenye difu vinatakiwa viwe sambamba, na mauntini ya giaboksi iliyolala inatosha kuviharibu. Badilisha mauntini hiyo kabla ya kugusa krosi, kisha rudi kwenye barabara ileile, kwa kasi ileile uliyoikariri.